Unautaka udiwani? Lizoee kabrasha kwanza

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinazunguka kiti kimoja: udiwani. Wapo wanaoutaka, wapo walioupata na umeanza kuwaelemea, wapo wanaomlalamikia aliyeukalia. Tumechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na msomaji mwingine. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Nina miaka 24, naishi Chuno, Mtwara mjini. Naendesha bodaboda na nina cheti cha kidato cha nne. Nataka kugombea udiwani mwaka 2030, ila wazee wananiambia nianze na uenyekiti wa mtaa. Nianzie wapi? – Kijana wa Chuno

JIBU: Kijana wetu, kwa upande wa sheria huna kikwazo. Mgombea udiwani anatakiwa awe raia, umri usipungue miaka 21, awe mkazi wa kawaida wa eneo hilo, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na kipato halali, na awe mwanachama wa chama cha siasa kilichompendekeza. Mgombea binafsi hayumo katika sheria zetu. Kwa hiyo kabla ya kuufikia mlango wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi kuna mlango wa chama, na wengi huishia hapo kwenye kura za maoni na vikao vya uteuzi.

Ukivuka hapo, kinachofuata ni fomu, na fomu imewaangusha watu waliokuwa na wapiga kura wa kutosha kabisa. Unahitaji wadhamini wasiopungua 10 walioandikishwa kupiga kura ndani ya kata yako. Tafuta 15, kisha mmoja mmoja umkague kwenye daftari la wapiga kura: je, yumo? Jina lake limeandikwaje? Mtu anaitwa Abdallah mtaani, kadi inasema Abdala, fomu inasema Abdalah. Mpinzani wako akiliona hilo ataweka pingamizi. Jina lako mwenyewe nalo liandike kama lilivyo kwenye kadi, hata kama mtaa mzima unakujua kwa jina la utani. Fomu inarudishwa kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi ngazi ya kata, mwisho saa 10 jioni siku ya uteuzi. Nenda asubuhi, ili kosa likionekana upate saa za kulirekebisha. Chukua stakabadhi ya dhamana, piga nakala ya kila ukurasa, na omba fomu igongwe muhuri wa kupokelewa ukiwa umesimama pale pale. Ukienguliwa, una haki ya kukata rufaa kwa Tume, na hapo nakala zako ndizo zitakazokusemea.

Jambo jingine: Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 imeondoa kupita bila kupingwa. Mgombea akibaki peke yake, wananchi wanampigia kura ya ndiyo au hapana. Usijipangie ushindi wa kuwaengua wenzako.

Sasa ushauri wa wazee. Uenyekiti wa mtaa ni shule nzuri, kwa sababu mwenyekiti ni mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kile kikao ambacho diwani ndiye mwenyekiti wake. Tatizo ni kalenda. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na mwingine, kwa mzunguko wa miaka mitano, utakuwa mwishoni mwa 2029. Ukichaguliwa wakati huo, baada ya miezi michache utaanza kuuaga mtaa ukiutaka udiwani, na wapiga kura watakuuliza swali ambalo huna jibu lake. Sisi tungekushauri uanzie kwenye kamati ya shule, kamati ya ujenzi wa zahanati, au ukatibu wa kijiwe chako cha bodaboda. Chagua kazi ambayo utaandika mihtasari, utatunza daftari la fedha na utalisoma mbele ya watu. Miaka minne ya kazi hiyo inatosha kata nzima ikujue kwa mwandiko wako na kwa hesabu zako.

Na pesa je? Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inaweka ukomo wa matumizi na inamtaka mgombea atoe hesabu baada ya uchaguzi. Ile takrima ya zamani, yaani zawadi za kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu iliibatilisha tangu 2006. Pilau, kanga na nauli za kuwaleta wajumbe kwenye mkutano ni rushwa, hata zikiitwa ukarimu.

SWALI: Nimeingia barazani kwa mara ya kwanza. Kabrasha la nyaraka za kikao linaletwa jioni, kikao ni kesho saa 3 asubuhi. Wataalamu wanasoma haraka haraka, mwenyekiti anauliza “wanaoafiki?”, tunaafiki. Nisome nini kwanza? – Diwani, mkoa wa Lindi

JIBU: Mheshimiwa, swali lako ndilo moyo wa ukurasa huu. Diwani anayejua kusoma kabrasha anaheshimiwa na Mkurugenzi, anaogopwa na mzabuni, na kata yake hupata mradi. Asiyejua hugeuka mpiga muhuri, na miaka mitano haichelewi kwisha.

Kwanza dai kabrasha mapema. Kanuni za Kudumu za halmashauri yako zinataja siku ambazo taarifa na nyaraka zinapaswa kuwafikia wajumbe kabla ya kikao. Kinunue au kiombe kijitabu hicho, kiweke mfukoni. Kabrasha likichelewa, sema barazani na uombe liandikwe kwenye muhtasari. Likiandikwa mara mbili, la tatu halitachelewa.

Ukishalipata, usianze ukurasa wa kwanza kuelekea wa mwisho, usiku hautatosha. Anza na yatokanayo na muhtasari uliopita. Hapo ndipo ahadi hufia. Kila neno “linashughulikiwa” lililoonekana vikao viwili mfululizo lipigie mstari: nani anashughulikia, tangu lini, mwisho lini?

Kisha nenda kwenye jedwali la mapato. Kuna safu tatu za kuangalia: makisio ya mwaka, makusanyo mpaka sasa, na asilimia. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo mwisho wa Desemba ni nusu ya mwaka. Diwani wa mkoa mwingine angetarajia asilimia 50 na kuridhika. Huku kwetu hesabu hiyo inadanganya. Ushuru wa korosho unaingia kwenye msimu wa minada, kuanzia Oktoba hadi karibu Januari. Mstari wa ushuru wa mazao ukisoma asilimia 50 mwishoni mwa Januari, hali ni mbaya, kwa sababu korosho imekwisha na si rahisi kulijaza pengo hilo kabla ya Juni. Uliza siku hiyo hiyo ni miradi ipi itakatwa. Usipouliza, itakayokatwa ni ya kwako.

Jedwali la miradi nalo lina safu zake: fedha iliyoidhinishwa, iliyopokelewa, iliyotumika, na hatua ya utekelezaji. Linganisha safu mbili za mwisho. Fedha imetumika kwa asilimia 90 na jengo liko kwenye lenta? Simama uulize. Fedha imepokelewa tangu Septemba na haijatumika hadi Machi? Hapo pia simama, huenda ununuzi umekwama kwenye mfumo au wataalamu hawajaandaa makadirio.

Usiruke ukurasa wa mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru na ada. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikirudia hoja ya fedha iliyokusanywa kwa mashine na isifikishwe benki. Omba orodha ya mashine, nani anashika ipi, na kiasi ambacho kila mmoja hajawasilisha. Orodha hiyo ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuiomba.

Mwisho angalia mikopo ya asilimia 10. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani, ukiondoa mapato lindwa (yaliyotengewa matumizi maalumu), kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka wa fedha 2024/25. Piga hesabu mwenyewe: halmashauri imekusanya kiasi gani, asilimia 10 yake ni ngapi, na kilichopelekwa kwenye akaunti ya mikopo ni ngapi? Halafu uliza marejesho. Vikundi visiporejesha, kikundi cha kata yako kitasubiri.

Kalenda nayo ina nguvu kuliko sauti. Vipaumbele vya kata huanza kukusanywa karibu na Novemba na Desemba, kamati na baraza hupitia bajeti Januari na Februari, mkoa na TAMISEMI wanafuata, Bunge linapitisha Aprili hadi Juni. Ukilikumbuka daraja lako mwezi Machi, umechelewa mwaka mzima. Kwa hiyo kikao chako cha Kamati ya Maendeleo ya Kata cha Oktoba au Novemba ndicho kikubwa kuliko vyote. Usikubali kiahirishwe kwa sababu watu wako mnadani.

Na taarifa ya kata unayoisoma barazani kila robo mwaka, tafadhali usiandike hivi: “Barabara zetu ni mbovu, wananchi wanateseka, tunaomba serikali ituangalie.” Hiyo inasomwa, inapigiwa makofi, inasahauliwa. Andika kwa namna hii: “Kalavati la njia ya kwenda shule ya msingi, lenye upana wa mita 4, lilibomoka tarehe fulani. Wanafunzi wa vitongoji viwili wanazunguka kilomita 3. Kata imekwisha kukusanya mawe tripu 6. Tunaomba mhandisi afike akadirie kabla ya tarehe 15 Desemba ili makadirio yaingie kwenye bajeti.” Hapo kuna kipimo, mchango, mhusika na tarehe. Robo inayofuata utauliza swali moja tu: mhandisi alifika?

SWALI: Sisi wakulima wa korosho tunakatwa ushuru kila mnada. Kijijini kwetu hakuna hata choo cha shule cha maana. Ushuru unakwenda wapi, na diwani wetu ana mamlaka gani juu yake? – Mkulima, Tandahimba

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inasema ushuru wa mazao ya biashara usizidi asilimia 3 ya bei ya shambani, na mlipaji ni mnunuzi. Kilo ikiuzwa shilingi 3,000, ushuru ni shilingi 90. Tani 1,000 ni shilingi milioni 90. Pigia hesabu tani zilizopita kwenye chama chenu cha msingi msimu mzima, utaona kwa nini halmashauri za Tandahimba na Newala zinaishi kwa korosho.

Makato mengine unayoyaona kwenye hati ya malipo, ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala na magunia, hayamhusu diwani. Hayo yanajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, na wa chama kikuu, ambacho kwenu ni TANECU. Wengi huja na hasira ya makato yote kwa diwani mmoja, na yeye kwa kuogopa kuonekana hana nguvu hasemi kwamba hayamhusu. Diwani mzuri huisoma hati ile mbele ya watu, mstari kwa mstari, na kusema: huu ni wangu, nitaujibu, hii mingine tukaiulize mkutano wa chama.

Ule mstari wake anao uwezo wa kuufuatilia. Kiasi kilichouzwa kinajulikana, bei ya mnada inatangazwa hadharani, kwa hiyo ushuru uliopaswa kuingia unapigika hata kwa simu ya kitochi. Akiweka tarakimu yake kando ya ile ya mweka hazina, tofauti itajitokeza. Sababu za kawaida za tofauti ni mbili: malipo ya wanunuzi yaliyochelewa, na kangomba. Korosho ya kangomba inanunuliwa gizani kabla ya msimu, haipiti mnadani, haina kumbukumbu. Mkulima anapunjwa bei, na kijiji kinapoteza choo kile kile cha shule. Diwani anayefumbia macho kangomba kwa sababu mnunuzi ni mfadhili wake wa kampeni anaiibia kata yake mara mbili.

Kumbuka pia kwamba mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru. Ukizuiwa getini na magunia matatu ya choroko, dai haki yako, na umpigie diwani.

SWALI: Barabara ya mtaa wetu Mikindani ni mashimo, bomba linatoa maji mara chache, na taka zimejaa. Diwani kila siku anasema “nalifuatilia”. Anatudanganya? – Mama lishe, Mikindani

JIBU: Dada, inawezekana hakudanganyi, lakini hakuelezi. Barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA tangu 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Maji ya mjini Mtwara ni ya MTUWASA, kwa Lindi ni LUWASA, na vijijini ni RUWASA, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2019. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopokea amri kutoka kwa diwani. Taka ndizo za Manispaa moja kwa moja, na hapo hana pa kukimbilia: ratiba ya gari, mkataba wa mzoaji na ada ni mambo ya baraza lake.

Kwa barabara na maji, anachoweza kufanya ni kutaka mameneja wa taasisi hizo waje na taarifa zao kwenye kamati na barazani, na kuipeleka barabara yenu kwenye orodha ya vipaumbele kabla TARURA haijafunga bajeti yake. Safari ijayo muulize hivi: “Mheshimiwa, barabara yetu imo kwenye mpango wa TARURA wa mwaka huu? Naomba jina lake na kiasi kilichotengwa.” Akiwa na jibu, anafanya kazi. Akirudia “nalifuatilia”, umempata.

SWALI: Kijijini kwetu tulijenga boma la zahanati kwa nguvu zetu, na diwani wa wakati ule alituhimiza sana. Limekaa miaka, popo wameingia. Tumeambiwa halifai kukamilishwa. Kwa nini? – Mjumbe wa kamati ya ujenzi, Nachingwea

JIBU: Ndugu, maboma ya namna hii ni mengi kusini, na yanauma kwa sababu yamejengwa na watu waliotoa mifuko ya saruji mfukoni mwao. Serikali kuu imekuwa ikipeleka shilingi milioni 50 kukamilisha boma la zahanati na milioni 12.5 kwa boma la darasa. Lakini fedha hiyo haipelekwi kwenye jengo ambalo mhandisi hawezi kulitia saini.

Mara nyingi boma hukataliwa kwa sababu hazizidi nne. Ramani: kijiji kilianza kwa ramani ya fundi, vyumba ni vidogo, wodi haina mlango wa kupitisha kitanda. Ramani ya zahanati hutolewa na ofisi ya mhandisi wa halmashauri. Mwombeni kabla ya kuchimba msingi. Eneo: hakuna muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaoonyesha ardhi ilitolewa na nani na ina ukubwa gani, mwenye shamba akifariki watoto wanalidai. Tofali: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 utoe tofali za inchi 6 kati ya 30 na 35. Fundi akijisifu kwamba ametoa 50, saruji aliyoiokoa itawagharimu jengo zima. Tofali mpya zimwagiliwe maji siku zisizopungua 7, na jua la Nachingwea hata zaidi. Liachieni tofali moja kutoka usawa wa kiuno lianguke kwenye udongo. Likipasuka vipande, simamisheni kazi. Nne ni nondo na lenta: pembe hazikufungwa, au zege lilimwagwa bila kokoto za kutosha. Kwa wenzetu wa pwani, Kilwa na Mchinga, kwenye orodha hiyo ya makosa ongezeni kutumia mchanga wa bahari. Chumvi yake hula nondo polepole, na nyufa huonekana jengo likiwa limeshaezekwa.

Kwenu sasa: mwandikieni Mkurugenzi kupitia Mtendaji wa Kata, mkiomba mhandisi afike na atoe ripoti ya maandishi: kipi kibomolewe, kipi kibaki, gharama ni kiasi gani. “Halifai” ya mdomo msiikubali. Mara nyingi msingi na kuta huokolewa, na kinachorudiwa ni lenta na vyumba viwili vitatu.

Na madiwani wanaotusoma: msianzishe maboma matano kata moja ili kila kijiji kiwashangilie mwaka wa kwanza. Malizeni moja, wagonjwa watibiwe, ndipo mfungue jingine. Mtu hapigi kura mara ya pili kwa ajili ya ukuta.

SWALI: Nimeteuliwa diwani wa viti maalumu Masasi Mji. Wenzangu wa kata wananiambia mimi ni “msindikizaji”. Mamlaka yangu yanaishia wapi? – Diwani viti maalumu

JIBU: Mheshimiwa, barazani kura yako ni moja kama ya mwenzio, na kwenye kamati za kudumu unaingia, unahoji na unapiga kura. Viti vyenu havipungui theluthi moja ya wajumbe wanaochaguliwa, hivyo mkisimama pamoja, kura zenu si za kupuuzwa. Usichokuwa nacho ni kata ya kuongoza: Kamati ya Maendeleo ya Kata inaongozwa na diwani wa kata, wewe unahudhuria kwenye kata unayoishi.

Tumia faida ambayo yeye hana. Yeye amefungwa na mipaka ya kata. Wewe waweza kulibeba jambo moja kwa mji mzima. Mikopo ya asilimia 10 ni mahali pazuri pa kuanzia: vikundi vingi vya akina mama hukwama kabla ya kufika popote kwa kukosa katiba, akaunti ya benki au usajili kwenye mfumo wa Wezesha. Kaa na Afisa Maendeleo ya Jamii, pitisha vikundi hatua kwa hatua, andika orodha yako ya vilivyoomba, vilivyopata na vilivyorejesha. Baada ya miaka mitano, ukitaka kugombea kata, orodha hiyo itatembea mbele yako. Ukisubiri kuteuliwa tena, utakuwa unasubiri huruma ya kikao.

SWALI: Diwani anafikaje umeya, na akishafika, njia ya ubunge imefunguka? Na kwa nini Mtwara hatuna Meya wa Jiji? – Mwanafunzi, Mtwara

JIBU: Kwa sababu Mtwara si jiji. Mtwara-Mikindani na Lindi ni manispaa, na manispaa nazo huongozwa na Meya. Halmashauri za wilaya na za miji, kama Ruangwa au Nanyamba, zina Mwenyekiti. Mkutano wa kwanza wa baraza baada ya uchaguzi ndipo madiwani huapa na kumchagua Meya miongoni mwao, kwa miaka mitano. Naibu Meya huchaguliwa kila mwaka. Chama chenye wingi wa madiwani humpitisha mgombea wake kwenye kikao chake cha ndani, kwa hiyo mchuano wa kweli huwa pale. Kumwondoa Meya kunahitaji theluthi mbili ya wajumbe.

Wanaofika, wengi walipitia uenyekiti wa kamati ya kudumu au unaibu. Ni mwaka mmoja tu, lakini ndio unaowaonyesha wenzako kama unajua kuongoza kikao bila kupaza sauti. Kosa la mameya wengi ni kugombana na Mkurugenzi. Mkurugenzi ni mteule wa Rais na ndiye katibu wa baraza na afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha. Meya hasaini malipo. Akilazimisha, hoja ya ukaguzi itamfuata. Nguvu yake ni ajenda, kamati ya fedha inayokutana kila mwezi, na muda wa kusikiliza.

Ubunge? Njia ipo ila haina uhakika. Jerry Silaa alikuwa Meya wa Ilala kuanzia 2010 hadi 2015. Mwaka huo akagombea Ukonga akashindwa, akarudi 2020 akashinda, baadaye akawa waziri. Zamani zaidi, mshairi Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam kabla ya kuwa Waziri wa Sheria. Lakini ukumbuke kwamba serikali za mitaa zenyewe zilivunjwa mwaka 1972, sheria za kuzirudisha zikatungwa 1982, zikaanza kazi tena 1984. Miaka yote hiyo wilaya ilikaa bila diwani wa kuhoji hesabu. Kiti hiki kina uzito wake bila hata ya kuwa ngazi ya kwenda Dodoma.

SWALI: Kwa kifupi tu, nini kinaweza kumvua diwani kiti chake katikati ya muhula? – Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Kuacha au kufukuzwa uanachama wa chama kilichompendekeza, kujiuzulu, kifungo kinachozidi miezi sita, au kukosa mikutano mitatu mfululizo ya kawaida ya baraza bila ruhusa ya mwenyekiti. Hili la mwisho huwapata wafanyabiashara wanaokaa Dar es Salaam na kuja kata siku za sherehe. Ruhusa iombwe kwa maandishi, si kwa ujumbe wa simu. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma nayo inamhusu diwani: tamko la mali na madeni ndani ya siku 30 baada ya kushika madaraka, na jingine kabla ya tarehe 31 Desemba ya kila mwaka. Shamba la mikorosho la urithi nalo ni mali. Liandikwe, na hekari zake.